Povu la Jini na Kimya cha Darasani

Kiswahili kina maneno mawili yanayotamkwa na kuandikwa vivyo hivyo: jini na jini. La kwanza lilitujia kutoka Kiarabu, nalo ni jina la kiumbe asiyeonekana ambaye, kwa imani ya wengi, huweza kumpanda mtu na kumsemesha. La pili lilitujia kwa njia ya Kiingereza, nalo ni jina la kileo kikali, cheupe kama maji, chenye harufu ya mti wa milimani. Waingereza nao walilipata kwa Waholanzi, na asili yake ya mbali ni jina la Kilatini la mti huo, juniperus. Maneno haya mawili hayana undugu hata chembe; yamekutana njiani tu. Hata hivyo, mwanafunzi mwangalifu hayachanganyi, kwa kuwa sarufi imeyatenga. Jini la kwanza limo katika ngeli ya LI-YA, ingawa wapo wanaolipa upatanisho wa viumbe wenye uhai. La pili limo katika ngeli ya I-I, pamoja na chai na sukari. Ukisema kwamba jini limempanda mtu kichwani, majirani watamwendea mganga. Ukisema kwamba jini imempanda kichwani, watatafuta mtu wa kumshika mkono hadi kwake.

Sikuanza na sarufi kwa ajili ya mzaha. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi jini, yaani hiyo ya ngeli ya I-I, inavyotengenezwa nyumbani kuwa kinywaji chenye povu, kwa vitu ambavyo karibu vyote hupatikana hapa Mwanda, katika milima ya Taita. Kisha nitauliza: iweje kinywaji cha hotelini tuweze kukieleza hatua kwa hatua na kipimo kwa kipimo, ilhali kile kinachonywewa na wengi vijijini na mitaani tunakitaja kwa mafumbo tu? Dai langu ni kwamba kinachoitenga glasi iliyo afadhali na glasi inayoua ni maarifa yaliyo wazi: jina, kipimo na hatua. Maarifa hayo hukaa katika lugha, nasi walimu wa lugha tumeyanyamazia.

Niseme mapema kwamba simwaliki mtu yeyote kulewa. Wapo wasomaji ambao dini zao zimewakataza kileo, nao wana haki ya kuheshimiwa. Wapo wanafunzi ambao hawajatimiza miaka 18, na sheria ya Kenya imekataza wasiuziwe. Aidha, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo kisichokuwa na madhara kwa afya. Yote hayo nayakubali. Lakini kukieleza kitu si kukisifu. Mwalimu wa biolojia hufundisha juu ya mbu wa malaria, na hakuna mzazi aliyewahi kumshtaki kwamba anafuga mbu.

Kinywaji chenyewe ni cha zamani. Maelezo yake ya mwanzo kuchapishwa yamo katika toleo la mwaka 1876 la kitabu cha Jerry Thomas, mchanganyaji vileo mashuhuri wa Marekani. Mwaka 1888 Henry Ramos wa New Orleans alibuni namna yake, yenye malai na maji ya maua ya michungwa, na umaarufu wake ukawa mkubwa hata akaajiri kundi la vijana wa kutikisa tu. Jina lake la Kiingereza, fizz, ni tanakali ya sauti: ni mlio wa mapovu yanayopasuka. Lugha yetu, ambayo ni tajiri wa tanakali, haina haja ya kuazima hapo. Mimi nakiita jini ya povu.

Mahitaji ya glasi moja ni haya: jini mililita 50, maji ya limau mililita 25, shira mililita 20, ute wa yai moja, vipande vya barafu, na maji ya soda yapatayo mililita 60. Asiye na chombo cha vipimo na atumie kijiko cha mezani, ambacho hubeba mililita 15 hivi. Shira, ambayo wapishi wa kaimati pwani wanaijua vyema, hupatikana kwa kuyeyusha sukari katika maji ya moto, kipimo kwa kipimo, kisha kuiacha ipoe. Limau hukatwa, hukamuliwa na kuchujwa ili kokwa zisiingie. Yai huoshwa, hupasuliwa polepole, na ute hutengwa na kiini. Hapo pana haja ya mkono mtulivu, maana tone dogo tu la kiini, kwa mafuta yake, hudhoofisha povu.

Jini, maji ya limau, shira na ute hutiwa pamoja katika chombo chenye kifuniko cha kukaza. Si lazima kiwe kile cha chuma king'aacho cha hotelini. Mtungi wa kioo uliokuwa na jemu wafaa kabisa. Kitikise kwa nguvu kwa muda wa nusu dakika bila barafu. Kisha fungua, tia barafu, funika, utikise tena mpaka ubaridi wa chombo uusikie mkononi. Chuja na umimine katika glasi ndefu. Subiri kidogo, ndipo utie maji ya soda taratibu. Maji hayo kamwe hayatiwi katika chombo cha kutikisia, kwa sababu gesi yake yaweza kukirusha kifuniko. Povu litapanda, jeupe na zito, nalo litakaa juu ya kinywaji kama ukungu unavyokaa asubuhi juu ya mlima Vuria.

Povu hilo halitokani na kileo. Linatokana na ute. Ute wa yai ni maji yaliyobeba protini, na protini hizo zimejikunja kama uzi katika kidonge. Mtikiso huzikunjua. Zikishakunjuka hushikana na kuuzingira kila upovu wa hewa kwa utando mwembamba, na asidi ya limau huusaidia utando huo kudumu. Mtikiso wa kwanza hufanywa bila barafu kwa kuwa protini hukunjuka kwa wepesi zaidi pasipo baridi kali. Gesi ya maji ya soda nayo hulisukuma povu juu. Ieleweke pia kwamba ute mbichi una hatari yake. Waweza kubeba bakteria wa salmonela, na wala kileo wala limau haviwezi kutegemewa kuwaua. Wajawazito, wazee na wagonjwa na wajiepushe nao, na anayeutumia na achague yai bichi la karibuni lisilo na ufa. Asiyetaka ute na auache. Kinywaji kitabaki, ila povu litakuwa hafifu.

Naomba mwalimu wa Kiswahili ayarudie maelezo hayo kwa jicho la kazi yake. Nomino nyingi ndani yake ni za kigeni: jini, glasi, soda, limau, sukari, shira. Lakini vitenzi vyaangalie: kupima, kukamua, kuchuja, kutenga, kutikisa, kumimina. Vyote ni vya kwetu, vya asili ya Kibantu. Bidhaa husafiri na majina yake, ila matendo ya mikono hubaki na majina ya nyumbani. Wale wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza mambo ya kitaalamu huhesabu nomino wakasahau vitenzi. Lugha inayoweza kueleza kwa nini yai hutoa povu yaweza pia kueleza kwa nini kinywaji fulani hupofusha. Na hapa ndipo nafika kwenye kiini cha hoja yangu.

Jini na chang'aa ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili huanza kwa nafaka au sukari iliyochachuka, na zote mbili hupatikana kwa kukeneka, yaani kuchemsha kile kilichochachuka na kuukusanya mvuke unapopoa na kudondoka tena kuwa maji. Jini hutiwa matunda madogo ya mti wa juniper, ambao ni jamaa ya mtarakwa wetu wa milimani, ule unaojulikana kwa nguzo za nyua na mbao za penseli. Ukiondoa harufu hiyo, kilichobaki ni mvuke uliopozwa. Wakoloni wenyewe waliuona undugu huo: chang'aa iliyokenekwa na Wanubi wa Kibera waliiita kwa Kiingereza jini ya Wanubi. Nchini Uganda jina lake ni waragi. Wengi husimulia kwamba jina hilo ni matamshi ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita. Mimi naona kwamba hatuwezi kulipuuza neno la Kiarabu araki, ambalo asili yake ni jasho, kwa jinsi matone yanavyoota juu ya chuma baridi kama jasho kwenye paji la uso. Wanubi, waliotoka Sudani, hawakuhitaji Mwingereza awafundishe neno hilo.

Majirani zetu waliufanyia kazi undugu huo. Uganda ilipitisha Sheria ya Enguli mwaka 1965. Sheria hiyo ililenga kuwapa wakenekaji leseni na kuikusanya pombe yao kiwandani isafishwe, na ikatoka kwenye chupa kwa jina la Uganda Waragi. Tanzania ilipata Konyagi yake mwaka 1970, kileo ambacho wengi hukilinganisha na jini ingawa jina lake lilitokana na brandi ya Wafaransa. Kenya ilifuata njia nyingine. Mwaka 1980 ilipitishwa sheria ya kuipiga chang'aa marufuku kabisa, nayo ikadumu miaka 30. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ndiyo iliyoifuta. Tangu hapo chang'aa si haramu kwa jina lake. Kinachokatazwa ni kuitengeneza au kuiuza bila leseni na bila kufuata viwango.

Je, ni wangapi kati yetu waliowafahamisha wanafunzi wao jambo hilo? Magazeti, redio na mabaraza ya machifu yangali yakisema "pombe haramu", na sisi darasani twaitikia. Nina ugomvi wa kitaaluma na istilahi hiyo, kwa kuwa imefunga mambo matatu katika kifungu kimoja. Haramu ni neno la dini: ni kile ambacho Mungu amekataza, na kwa Mwislamu jini ya hotelini ni haramu sawasawa na chang'aa ya kibandani. Pili, tunalitumia kwa maana ya kitu kisicho na leseni, na hilo ni jambo la karani na muhuri. Tatu, tunalitumia kwa maana ya kitu chenye sumu, na hilo ni jambo la kemia. Mambo hayo matatu hayaendi pamoja kila mara. Pombe yaweza kukosa leseni na isiwe na sumu. Pombe yaweza kuuzwa mahali penye leseni ukutani na iwe na sumu ya kumaliza kijiji. Mwezi wa Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, kaunti ya Kirinyaga, zaidi ya watu 10 walikufa kwa kileo kilichouzwa baani. Aliyefundishwa kwamba hatari imo vibandani tu angekinywa bila wasiwasi.

Sumu hiyo ina jina, na jina lenyewe ni methanoli. Kileo cha kawaida kwenye bia, mvinyo na jini ni ethanoli. Methanoli hufanana nayo kwa sura, na kwa ladha na harufu si rahisi kuitambua. Viwandani hutumika kuyeyushia rangi na kutengenezea kemikali nyingine. Ikiingia mwilini, ini huigeuza hatimaye kuwa asidi ya fomiki, asidi ambayo huharibu mshipa wa fahamu wa macho. Mililita 10 zaweza kumpofusha mtu mzima, na 30 zaweza kumwua. Kibaya zaidi ni kwamba dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24. Mnywaji hulala akiamini kwamba amelewa kama siku zote, kisha huamka akiona ukungu au giza. Akifikishwa hospitali mapema, dawa ipo. Akiachwa alale "apunguze", nafasi hiyo hupotea. Tena ijulikane kwamba mahindi na sukari vikichachuka havitoi methanoli ya kuua umati. Maafa makubwa aghalabu hutokana na mtu aliyeimimina methanoli ya kiwandani ndani ya pombe ili aongeze ukali na faida.

Historia yetu ya maafa hayo ni ndefu. Mwezi wa Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi, zaidi ya watu 130 walipoteza maisha, na wengine wakapofuka. Kinywaji kiliitwa "kumi kumi", kwa sababu glasi yake iliuzwa shilingi 10. Mwezi wa Mei 2014 walikufa makumi ya watu katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Tazama tena jina lile, kumi kumi. Ni jina la bei. Halimwambii mnywaji kilichomo, nguvu yake, aliyekitengeneza wala siku kilipotengenezwa. Lugha ya mtaani hubuni majina kama hayo ili kumkwepa askari, nayo humkwepa askari kweli. Ila mnywaji naye huachwa gizani, na giza hilo limekuwa giza la macho kwa wengi.

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii huifundisha kila mwaka kama onyo dhidi ya sifa. Nadhani yafaa isomwe pia kama funzo la vipimo. Aliyeitunga alimjua mgema, aliijua tembo na aliyajua maji, ndiyo maana aliweza kuugundua udanganyifu kwa kuonja. Mnywaji wa leo hamjui mkenekaji, na kilichotiwa si maji.

Vipimo vyenyewe ni hesabu ya shule ya msingi. Glasi ya jini ya povu niliyoieleza ina mililita 50 za jini. Ikiwa jini ni ya asilimia 40, basi ethanoli iliyomo ni mililita 20. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Ni karibu sawa. Sasa chukua kikombe cha mililita 250 cha chang'aa na ukadirie kwamba nayo ni ya asilimia 40. Hiyo ni ethanoli ya mililita 100, yaani bia tano kasoro kidogo katika kikombe kimoja. Kijana aliyeifanya hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe hahitaji mahubiri marefu. Asiyeifanya huhesabu vikombe, akasema, "Nimekunywa kimoja tu."

Hapa Mwanda suala hili si la nadharia. Milima hii haikujifunza kunywa kutoka hotelini. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wadawida mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alieleza kwa kirefu ibada iitwayo kutasa. Mzee alichukua funda la pombe ya miwa, au maji ya miwa yasiyochachuka, au maji matupu, akalipuliza kwa mdomo kama manyunyu huku akitamka maneno ya baraka na kuitoa hasira moyoni mwake. Sisemi kwamba zamani hapakuwa na walevi. Nasema kwamba kinywaji kile kiliambatana na maneno. Kilijulikana kimetokana na nini, kilikuwa mkononi mwa nani na kwa kusudi gani, na watu walisikia. Leo mbangara na chang'aa hunywewa kwa kunong'onezana. Mtu akianguka, wa kwanza kuulizwa hunyamaza kwa kuogopa kushikwa, na daktari hukosa jibu la swali lake la kwanza: alikunywa nini?

Kuna mwalimu atakayenijibu kwamba kutaja vitu hivi darasani ni kuwafungulia watoto mlango. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini mlango huo umefunguliwa zamani. Sheria ya 2010 imetaka mahali pa kuuzia vileo pawe mbali na shule kwa mita 300 au zaidi. Mtoto hutembea mita 300 kwa dakika nne. Njiani huyaona matangazo, husikia majina ya mafumbo, na pengine huwakuta wakubwa wake wenyewe. Jambo pekee asilolipata huko ni maelezo ya kweli. Tukinyamaza, hatumlindi, tunamwachia mwuzaji kazi ya kumfundisha.

Kuna atakayeniuliza pia: kwa nini basi kuanza na kinywaji cha matajiri? Nimeanza nacho kwa sababu hakuna anayeona haya kukieleza. Vitabu vya mapishi hukiandika, hoteli hukiweka katika orodha, na kila tone lake lina kipimo. Uwazi huo ndio stahiki ninayoidai kwa ajili ya mnywaji maskini. Hali ya sasa ni kwamba mwenye fedha husoma asilimia kwenye chupa, na asiye nazo hukisia kwa kuwasha kiberiti juu ya kijiko. Jaribio hilo la kiberiti ni la bure, kwa kuwa methanoli nayo huwaka. Lugha iliyo sahihi kwa tajiri na ya mafumbo kwa maskini haijawa lugha ya taifa, hata Katiba ya mwaka 2010 iseme nini juu ya Kiswahili.

Napendekeza mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wa shule. La kwanza, mwalimu wa insha afundishe uandishi wa maelekezo kwa vitu halisi. Uandishi wa kiuamilifu una nafasi ya resipe, lakini mara nyingi sisi hurudia pilau na chapati mpaka wanafunzi wanakariri. Waandike jinsi limau, shira, ute wa yai na maji ya soda vinavyotoa povu, pasipo jini yoyote. Waandike pia hatua za kumsaidia mtu anayelalamika kwamba haoni vizuri baada ya kunywa: asiachwe alale, apelekwe hospitali mara moja, na chupa au mabaki ya kinywaji yapelekwe pamoja naye. Insha kama hiyo yapimwa kwa mpangilio, vitenzi na usahihi wa vipimo. Alama zake ni rahisi kutoa, na faida yake haiishii katika mtihani.

La pili, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa kemia waketi pamoja walau kipindi kimoja kwa muhula. Wa kemia ana fomyula, wa Kiswahili ana maneno ambayo mtoto atayapeleka nyumbani. Mwanafunzi akijua ethanoli na methanoli kwa Kiingereza tu, bibi yake hatanufaika. Akiweza kusema kwa Kiswahili, au kwa Kidawida, kwamba moja huleweza na nyingine hupofusha, na kwamba macho hayawezi kuzitofautisha, basi somo limetoka darasani likaingia jikoni.

La tatu, tulipumzishe neno haramu katika jambo hili. Tunapozungumzia dini, tuseme haramu. Tunapozungumzia leseni, tuseme isiyo na kibali. Tunapozungumzia sumu, tuseme yenye sumu, na tuitaje sumu hiyo kwa jina lake. Waandishi wa habari walio miongoni mwa wasomaji wangu wanaweza kuanza kesho asubuhi bila kungoja waraka wa wizara.

Wanafunzi wa Mwanda, Mgange na Werugha watarudi likizoni kwenye nyumba ambamo mtu mmoja au wawili hunywa. Hawana mamlaka ya kuwakataza wakubwa wao, na sidhani kwamba ni haki kuwatwika mzigo huo. Wanaloweza ni kuuliza swali kwa adabu: mjomba, hiki kimetengenezwa kwa nini, na ni nani aliyekitengeneza? Mjomba akiwa na jibu, vyema. Akikosa jibu, huenda akakiweka chini kikombe kile. Swali hilo lina maneno tisa, na yote yamo katika silabasi.